Weupe kwenye ramani: shajara ya mradi wa kufuatilia mafuriko kwa setilaiti

Februari 2

Mjadala wa chombo tumeufunga leo. Tutategemea rada ya Sentinel-1, setilaiti za Ulaya. Picha za mwanga wa jua, yaani Sentinel-2 na Landsat, zitakuwa wasaidizi. Mafuriko huja na mvua, mvua huja na mawingu, na kamera inayotegemea jua haioni kitu chini ya wingu hata iwe kali namna gani. Rada haina shida hiyo. Hurusha mawimbi yake yenyewe ikasikiliza mwangwi, usiku au mchana, na bendi C inayotumiwa na Sentinel-1, yenye mawimbi ya urefu wa sentimita 5.5 hivi, hupita kwenye wingu kana kwamba halipo.

Kanuni ya msingi ni nyepesi, na ndiyo maana watu wengi huiamini kupita kiasi. Rada hutazama kwa ubavu, si wima. Maji yaliyotulia ni kama kioo: wimbi likiyagonga hudunda kwenda upande wa pili, halirudi kwa aliyelirusha, na maji hutokea meusi. Ardhi yenye majani, matuta na mawe hutawanya wimbi pande zote, sehemu yake hurudi, na ardhi hutokea ya kijivu au nyeupe. Basi tafuta weusi ambao wiki iliyopita haukuwepo, umepata mafuriko. Sehemu kubwa ya shajara hii itahusu mahali ambapo sentensi hiyo inakwama.

Kazi tuliyojipa: kujenga mnyororo wa programu unaopokea taswira mpya, kuilinganisha na za kabla ya mvua, na kutoa ramani ya maeneo yaliyofunikwa na maji ndani ya saa chache. Hatutabiri. Wenye kutabiri wana mifano yao ya mvua na mito. Sisi tunasema maji yalikuwa wapi wakati setilaiti inapita. Naliandika hili mapema kwa sababu kila tunapoueleza mradi, swali la kwanza ni "mtatuambia yanakuja lini?"

Kwa majaribio tumechagua matukio mawili yasiyofanana. La kwanza ni kimbunga Idai, kilichopiga pwani ya Msumbiji karibu na Beira usiku wa kuamkia Machi 15, 2019, na kuifurisha mito Buzi na Pungwe. La pili ni mafuriko ya Pakistan ya mwaka 2022, katika mkoa wa Sindh, ambako mvua za monsuni na mto Indus viliacha maji juu ya nchi tambarare, na maji hayo yakakaa kwa miezi.

Februari 5

Kupakua, kupakua, kupakua. Taswira ni za bure kupitia Copernicus Data Space, hifadhi ya mtandaoni ya mpango wa setilaiti wa Ulaya, na nakala zake zipo pia Alaska Satellite Facility. Taswira moja ya kawaida hufunika upana wa kilomita 250 na hubeba takriban gigabaiti moja. Pikseli zake zimepangwa kwa mita 10, ingawa uwezo halisi wa kutenganisha vitu viwili ni hafifu kuliko hapo. Mtu akikuambia anaona mfereji wa mita 10 kwenye Sentinel-1, mwombe akuonyeshe.

Tofauti ya kwanza kati ya matukio yetu mawili imejitokeza hata kabla ya kufungua taswira. Idai ilikuta setilaiti mbili angani: Sentinel-1A, iliyorushwa Aprili 2014, na 1B, ya Aprili 2016. Kila moja hurudia njia yake ileile baada ya siku 12, na mbili zikipishana unapata siku 6. Sindh haikuwa na bahati hiyo. Mfumo wa umeme wa 1B uliharibika Desemba 2021 na setilaiti haikuamka tena, kwa hiyo mafuriko ya 2022 yalipigwa picha na 1A peke yake. Sentinel-1C ilirushwa Desemba 2024, 1D ikafuata Novemba 2025, kwa hiyo pengo hilo sasa limezibwa. Lakini historia ya data ndiyo hiyo, na mtu anayelinganisha mwaka na mwaka bila kujua setilaiti ngapi zilikuwa kazini ataona "mafuriko machache" mahali ambapo kulikuwa na macho machache.

Sheria tuliyoiweka: taswira ya kabla na ya wakati wa mafuriko lazima zitoke kwenye njia ileile ya obiti. Pembe ambayo wimbi hugonga ardhi hubadilika kutoka kama nyuzi 29 upande wa karibu hadi 46 upande wa mbali, na mwangwi hubadilika nayo. Ukichanganya njia ya kupanda (kuelekea kaskazini) na ya kushuka (kuelekea kusini), nusu ya "mabadiliko" utakayoyaona ni ya pembe, maji hayamo.

Februari 9

Maandalizi ya taswira yamekamilika, nayapita haraka: kuweka taarifa sahihi za obiti, kuondoa kelele ya joto ya mtambo, kusafisha kingo, kusawazisha thamani ziwe mwangwi halisi wa ardhi, kupunguza madoadoa, kunyoosha kwa ramani ya mwinuko, kisha kugeuza kuwa desibeli, kipimo cha nguvu ya mwangwi. Tunatumia SNAP, programu ya kuchakata taswira za setilaiti, kwa hatua nzito na lugha ya Python kwa zilizobaki.

Kelele ya joto naitaja kwa jina kwa sababu wengi huiruka. Rada hurusha wimbi kwa mwelekeo mmoja wa mtetemo na kupokea kwa miwili: VV, ule uleule, na VH, uliogeuka. Juu ya maji, VH hurudi hafifu mno hadi inakaribia sakafu ya kelele ya mtambo wenyewe. Usipoiondoa, ziwa linapata mistari ya mng'aro kwenye mipaka ya mikanda ya taswira, na kizingiti chochote utakachoweka, yaani namba ya kutenga maji na nchi kavu, kitaifuata mistari hiyo.

Februari 13

Kizingiti. Hapa ndipo wageni wa kazi hii hudhani kuna namba moja ya siri. Maji tulivu katika VV kwa kawaida hukaa chini ya desibeli -15 hivi, lakini hiyo "hivi" ndiyo yenye kazi yote. Upepo, pembe, aina ya ardhi jirani, vyote huisogeza.

Njia ya Otsu, ya mwaka 1979, ingali nzuri: unachora histogramu ya thamani zote, na kama ina vilima viwili, kimoja cha maji na kimoja cha nchi kavu, njia hiyo hutafuta mahali pa kuikata ili vilima vitengane vizuri zaidi. Tatizo ni pale maji yanapokuwa sehemu ndogo tu ya taswira ya kilomita 250. Kilima cha maji kinamezwa na cha nchi kavu, Otsu inakata katikati ya mashamba, na ghafla nusu ya mkoa imezama.

Dawa inajulikana: kata taswira katika vigae vidogo, chagua vile tu vyenye vilima viwili vya kweli, pata kizingiti kutoka hivyo, kisha kitumie kote. Kwa Buzi imefanya kazi vizuri. Tumeongeza sharti la pili: pikseli lazima iwe imeshuka kwa angalau desibeli 3 ikilinganishwa na kabla ya mvua, maana yake nguvu ya mwangwi imepungua kwa nusu au zaidi. Na maji ya kudumu tunayaondoa kwa ramani ya JRC, kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya, iliyotolewa mwaka 2016 kutokana na takriban taswira milioni 3 za Landsat tangu 1984. Ramani hiyo ni hazina. Ila mito ya bondeni huhama, na mto uliohama baada ya ramani kutengenezwa utahesabiwa mafuriko mpaka mtu auone na kuuondoa kwa mkono.

Februari 20

Beira imetupa somo ambalo halimo katika mwongozo wowote tuliousoma. Kwenye lango la Buzi na Pungwe ramani yetu ilijaa mafuriko hata tulipoijaribu kwa taswira mbili za kipindi cha ukavu. Hakuna mvua, hakuna kimbunga, na bado ukanda mrefu wa "maji mapya" umelala kando ya mwambao.

Ni maji kujaa na kupwa. Pwani ya Beira ina tofauti kubwa sana kati ya maji kupwa na maji kujaa. Nyakati za bamvua hupita mita 6. Setilaiti hupita saa ileile ya siku, alfajiri au jioni, lakini bahari haina ratiba hiyo. Taswira ya kwanza ikikuta maji yamekupwa, matope yenye mikunjo hurudisha mwangwi. Ya pili ikikuta yamejaa, matope yamefunikwa, mwangwi umeshuka, na mnyororo unasema mafuriko bila kigugumizi. Kinyume chake ni kibaya zaidi: kabla ikiwa maji kujaa na wakati wa mafuriko ikiwa kupwa, mafuriko halisi ya mwambao yanajificha.

Sasa kwa maeneo ya pwani hatutumii taswira moja ya kulinganisha. Tunachukua rundo la taswira za kipindi kirefu, kisha kila pikseli inapewa historia yake: kawaida inakaa wapi, na hutikisika kiasi gani. Pikseli inayolowa na kukauka kila wiki haina haki ya kutangaza mafuriko. Mikoko nayo imepata kinyago chake, yaani tabaka la kuiondoa kwenye hesabu, kwa sababu nitakazozieleza nikifika kwenye mimea.

Februari 26

Sindh. Ugonjwa mwingine kabisa. Kwenye bonde la Indus rada iko nyumbani: nchi tambarare, maji mapana, hakuna milima ya kuweka vivuli. Ramani ya kwanza ilitoka safi mpaka nikaanza kuamini kazi imekwisha. Upande wa mashariki mnyororo ukazamisha jangwa la Thar.

Mchanga mkavu na laini hurudisha mwangwi mdogo mno. Sehemu ya wimbi hudunda kwenda mbele, sehemu huzama ndani ya mchanga na kufia humo. Kwa rada ni weusi ule ule wa maji. Njia za ndege na lami pana hufanya vivyo hivyo. Pale Beira njia ya kurukia ndege inakaa kwenye taswira kama mfereji ulionyooka kwa rula. Sharti la desibeli 3 linasaidia, kwa sababu mchanga ulikuwa mweusi kabla na ni mweusi sasa. Lakini mchanga uliolowa kwa mvua hung'aa, kisha ukikauka tena unashuka, na kushuka huko kunatosha kumdanganya mtu. Tumekubaliana kwamba maeneo ambayo ni meusi karibu mwaka mzima bila kuwa maji yawekwe kando kabisa.

Hapa Sindh pia setilaiti zinaonyesha faida yake ya upande wa pili. Mwaka 2022 dunia nzima ilisoma kwamba theluthi ya Pakistan iko chini ya maji. Uchambuzi wa setilaiti uliweka eneo lililofunikwa karibu na sehemu moja ya kumi ya nchi. Sehemu moja ya kumi ya nchi kubwa kiasi hicho ni balaa lisilohitaji chumvi. Wenye kugawa mahema na dawa wanahitaji kujua ni ipi hiyo sehemu moja, na kwa hilo ramani inashinda kauli.

Machi 4

Simu muhimu kuliko zote mpaka sasa. Tulimtumia ramani ya majaribio mtu aliyewahi kuratibu uokoaji wa mafuriko, tukamwomba aisome kama vile amepewa akiwa kazini. Tulitarajia maoni kuhusu rangi na majina ya vijiji. Akakaa kimya kidogo, kisha:

"Kaka, hapa pasipo na rangi pana nini?"

Nikamjibu hapo hatukuona maji.

"Hamkuona, au hamna?"

Alikuwa amegusa katikati ya mji. Kwenye ramani yetu mji ulikuwa mweupe kabisa, mashamba yaliyouzunguka yote ya buluu. Mtu yeyote angesema mji umeponyoka, peleka boti mashambani.

Mwenzetu wa haidrolojia amekuwa akisema hivyo tangu mwanzo kwa maneno mengine, na sasa amekuwa na adabu ya kutonikumbusha. Uamuzi wa leo: ramani itakuwa na hali tatu. Maji; hakuna maji; na mahali ambapo rada haiwezi kusema. Hali ya tatu itachorwa kwa mistari ya mshazari, ionekane, isichanganywe na weupe. Huduma ya kimataifa ya Copernicus ya kufuatilia mafuriko, inayochakata kila taswira ya Sentinel-1 tangu 2021 kwa kupigisha kura algoriti tatu, hutoa tabaka la namna hiyo pamoja na ramani zake: miji, misitu minene, mchanga mkavu, vivuli vya milima. Tulilijua tabaka hilo. Tulilichukulia kama kiambatisho, kumbe ndilo la kusomwa kwanza.

Machi 10

Miji. Ukuta uliosimama kando ya maji hurudisha wimbi kwa nguvu: linagonga maji, linadunda ukutani, linarudi moja kwa moja kwa rada. Mtaa uliofurika kwa hiyo unaweza kung'aa kuliko ulivyokuwa mkavu, au usibadilike hata kidogo kwa sababu ulishakuwa unang'aa. Kizingiti cha weusi hapo ni bure.

Njia iliyobaki ni kutazama awamu ya wimbi, yaani lilikuwa limefika wapi katika kupanda na kushuka kwake liliporudi, badala ya nguvu yake. Majengo hayatembei; taswira mbili za njia moja, zilizopigwa kwa siku 6 au 12 tofauti, hulingana vizuri sana juu ya mji. Maji yakiingia mitaani, ulinganifu huo huvunjika. Unachukua jozi mbili: zote mbili kabla ya tukio, kisha moja kabla na moja wakati wa tukio. Mahali ulinganifu ulipokuwa juu ukaporomoka, pana jambo. Gharama ni mafaili: taswira zinazohifadhi awamu ni nzito mara kadhaa kuliko zile za kawaida, na diski zetu zimeanza kulalamika.

Sindh, kwenye miji iliyozungukwa na maji tambarare, matokeo yanaeleweka. Beira yamenisumbua usiku mzima. Karibu mji wote umepoteza ulinganifu. Je, mji wote ulijaa maji? Hapana. Idai iling'oa mapaa. Paa lililopeperuka, mabati yaliyotapakaa, miti iliyolala barabarani, vyote huvunja ulinganifu kama maji yanavyofanya, na rada haitoi hati ya kutofautisha. Tunachoweza kusema kwa uaminifu ni kwamba mtaa huu umebadilika. Kwa hiyo tabaka la mijini limeitwa "mabadiliko", halikuitwa "mafuriko", na kwenye maelezo tumeandika kwamba baada ya kimbunga lisomwe kama uharibifu wa aina yoyote. Kuna aliyeona jina hilo linapunguza uzito wa bidhaa yetu. Libaki hivyo.

Machi 16

Mimea, na ahadi ya mikoko. Maji yakisimama chini ya matete au miti, mikoko ikiwemo, mashina yanafanya kazi ya ukuta: wimbi linadunda kati ya maji na shina, mwangwi unaongezeka. Kwa hiyo kinamasi kilichofurika hung'aa wakati shamba lililofurika linatia giza, na ukitafuta weusi tu unakosa nusu ya bonde la Pungwe. Tumeongeza tawi la pili kwenye mnyororo linalotafuta kupanda kwa mwangwi wa VV penye mimea mifupi yenye mashina wima. Linafanya kazi kwenye matete. Kwenye msitu mnene halifui dafu, kwani sentimita 5.5 huishia kwenye majani ya juu na haifiki chini kabisa.

Hapo ndipo bendi L inapohitajika, mawimbi ya sentimita 24 yanayoshuka hadi ardhini. NISAR ya NASA na shirika la anga la India ilirushwa Julai 30, 2025, na hupita juu ya sehemu ileile kila siku 12. Tumeandaa mlango wake kwenye mnyororo. Mpaka tutakapoupima vilivyo, msitu mnene utabaki na mistari ya mshazari.

Mpunga nao. Shamba la mpunga hujazwa maji kwa makusudi, na mkulima atashangaa sana kuambiwa amepatwa na maafa. Historia ya pikseli tuliyoijenga kwa ajili ya pwani imetuokoa hapa pia: kinacholowa majira yaleyale kila mwaka ni kilimo.

Machi 20

Fupi. Milimani tumeweka vinyago viwili. Cha kwanza ni vivuli: mlima unaoficha bonde nyuma yake huacha weusi usio maji. Cha pili ni kimo cha pikseli juu ya mkondo wa maji ulio karibu nayo; kilichoinuka zaidi ya mita 15 hakihesabiwi mafuriko.

Lakini Chimanimani hakuna kinyago kitakachotusaidia. Idai ilipofika mpakani mwa Msumbiji na Zimbabwe iliporomosha miteremko na kushusha maji kwa kasi usiku ule ule. Mafuriko ya milimani huja na kuondoka kwa saa. Setilaiti inayopita baada ya siku kadhaa inakuta matope, magogo na mto uliorudi kwenye kitanda chake. Taswira ya Machi 19, iliyoonyesha vizuri sana bahari ya maji nyuma ya Beira, ilikuwa ya siku nne baada ya kimbunga kutua. Bondeni maji bado yalikuwa yanashuka kutoka juu, kwa hiyo ilifika wakati mzuri. Milimani ilifika baada ya shughuli kwisha. Kwa sababu hiyo kila ramani sasa inabeba, kwa herufi kubwa, saa na tarehe ya kupita kwa setilaiti. Tarehe ya kuchapishwa imepelekwa pembeni kwa herufi ndogo.

Machi 25

Uthibitishaji, kazi ambayo kila mtu huiahirisha. Tumelinganisha ramani zetu na zile zilizochorwa na wataalamu wakati wa matukio yenyewe. Zinafanana sana. Furaha ya dakika chache, kisha mwenzetu wa haidrolojia akauliza zilichorwa kutokana na nini. Nyingi zilitokana na rada ileile. Kufanana kwake na yetu kunathibitisha kwamba sote tumekosa mahali pamoja.

Kwa hiyo tumetafuta mashahidi wa ukoo mwingine. Sentinel-2 na Landsat pale mawingu yalipofunguka ndani ya siku moja au mbili. Hapo tunatumia faharasa ya maji inayolinganisha mwanga wa kijani na infraredi ya mawimbi mafupi, maana ile ya zamani ya mwaka 1996, ya kijani na infraredi ya karibu, huchanganya majengo na maji. Kisha Sen1Floods11, mkusanyiko huria wa vigae 4,831 kutoka matukio 11 duniani, ambamo 446 vimewekewa alama kwa mkono. Hivyo 446 ndivyo tunavyovithamini.

Kuhusu namba ya kutangaza, tumekataa "usahihi wa jumla". Taswira ambayo tisa ya kumi ni nchi kavu itakupa alama ya juu hata ukisema hakuna maji popote. Tunatoa mbili: kati ya tulichokiita maji, kiasi gani ni maji kweli, na kati ya maji yaliyokuwepo, kiasi gani tulikiona. Na zote mbili zinahesabiwa kwa kila aina ya ardhi peke yake. Kwenye mashamba ya wazi tunajivunia. Kwenye miji namba ya pili inatia aibu, nasi tumeiacha ionekane.

Machi 31

Ombi jipya: kina cha maji. Kila mtu anataka kina, na njia ipo: chukua ukingo wa mafuriko, soma mwinuko wake, tandaza uso wa maji, toa mwinuko wa ardhi. Kwenye karatasi inapendeza. Ramani ya mwinuko tuliyonayo ya dunia nzima ni ya Copernicus, ya mita 30, iliyotokana na rada za TanDEM-X, nayo hupima juu ya paa na juu ya miti. Makosa yake ya wima ni ya mita, na tofauti kati ya mtu kuvuka kwa miguu na mtu kusombwa ni nusu mita.

Tumejibu kwamba hatutatoa. Wakija na vipimo vya mwinuko vya leza kutoka kwenye ndege, tutakaa mezani siku hiyo hiyo.

Aprili 7

Mnyororo umeanza kupokea taswira mpya badala ya za kumbukumbu. Unachunguza orodha ya Data Space kila baada ya muda mfupi, ukikuta taswira juu ya maeneo tuliyoyaandikisha unaivuta, unaiandaa, unailinganisha na historia, unachora. Kinachochelewesha zaidi ni kushusha mafaili ya awamu kwa ajili ya miji, hivyo ramani ya mashambani inatoka kwanza na mji unakuja baadaye, ukiwa na mistari yake ya mshazari mpaka jibu lifike.

Yaliyobaki mezani: kuandikisha njia za Sentinel-1C na 1D kwenye historia za pikseli bila kuvuruga zilizojengwa na 1A, kupunguza vinyago vya pwani ambavyo sasa ni vipana mno na vinafunika makazi ya watu, na kuongeza taswira za VIIRS, kamera ya setilaiti za Marekani, za mita 375 lakini za kila siku, ili mtu ajue kama maji yanapanda au yanashuka kati ya rada moja na nyingine pale mawingu yanaporuhusu.

Yule mratibu wa uokoaji amepelekewa toleo jipya. Amerudisha na alama moja tu ya kalamu, kwenye ufunguo wa ramani: anataka mistari ya mshazari iwe juu kabisa ya orodha, kabla ya buluu. Inabadilishwa leo.